Agizo la Zaburi ya Mwisho

Juzi mtoto wa kaka yangu alihamia kwake, nikaenda kumsaidia kupanga vyombo. Akachana nailoni ya seti ya sufuria, zile zinazoingiana kutoka kubwa hadi ndogo, na harufu ikanipiga usoni: alumini mpya, mafuta ya mashine kwa mbali, na gazeti lililokunjwa katikati ili zisikwaruzane. Nikakaa chini palepale. "Shangazi, presha? Nikuletee maji?" Nikamwambia aniache kidogo, niko Kariakoo.

Nyie mliokulia mjini mtanielewa. Duka letu lilikuwa mtaa wa nyuma, upande wa Msimbazi, mbele duka, nyuma vyumba na uani, katikati pazia la kitenge lililochoka. Baba aliuza vyombo kwa jumla: sufuria, mabeseni, sahani za bati, chupa za chai. Wateja wote walimwita Mangi, kama anavyoitwa kila Mchagga mwenye duka, na mimi mpaka naanza shule nilijua ndilo jina lake la ubatizo. Asubuhi kelele zilianza kabla jua halijapanda. Makuli na mikokoteni yao, "Pisha, pisha, mzigo!", redio tatu zinashindana, na juu ya yote hayo, mama yangu anaimba.

Jamani, mama yangu alikuwa anaimba! Mikono inafunga vyombo, mdomo unaimba. Sauti nyembamba, safi, inayopanda bila kuhema. Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Ami Saidi, Mwarabu muuza vitambaa, mzee wa kanzu na kikohozi, na Mama akinyamaza katikati ya wimbo Ami alikuwa anagonga ukuta.

"Mama Aika! Umekatiza!"

"Nahesabu sahani, Ami!"

"Hesabu kwa kuimba!"

Na Mama anahesabu kwa kuimba, dazani kwa dazani, wateja wakicheka.

Kanisani alikuwa ndiye anayeanzisha. Kwa asiyejua kwaya zetu: kuna sauti nne. Ya kwanza na ya pili ni za wanawake, ya tatu na ya nne za wanaume. Ya kwanza ndiyo ile ya juu inayosikika hadi barabarani. Ya nne ndiyo besi, ya chini kabisa, na kwetu safu hiyo siku zote ilikuwa nyembamba, maana mwanamume wa Kariakoo saa ya mazoezi yuko dukani kwake na hatoki ng'o. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa ameitungia muziki Zaburi ya mwisho, ile inayotaja vyombo vyote vya kumsifia Mungu, na wimbo huo uliimbwa mara moja tu kwa mwaka, sikukuu ya mavuno. Mama anasimama peke yake, kanisa kimya, anaitupa ile sauti mpaka darini, halafu zile nyingine zinaingia chini yake. Mimi nilikuwa napata baridi mwili mzima. Nilijua kwa uhakika kabisa kwamba pale ndipo Mungu anapogeuza shingo kutuangalia.

Mavuno yetu nayo yalikuwa na namna yake. Wenzetu wenye mashamba walileta ndizi, mahindi, kuku. Sisi wa madukani hatukulima hata mchicha, kwa hiyo tulileta kilichotoka dukani. Madhabahuni pale utakuta mkungu wa ndizi umeegemea jora la kitambaa, mabeseni ya Baba yamejaa nyanya za mtu mwingine. Baada ya ibada vyote vinanadiwa nje, mtaa mzima unakuja kununua, Waislamu kwa Wakristo, na Ami Saidi hakukosa hata mwaka mmoja kwa sababu ya ndizi za Kichagga.

Halafu shingo ya Mama ikaanza kuvimba.

Ilikuwa tezi. Mwanzo aliificha kwa kitambaa, baadaye haikufichika. Daktari alimweleza mapema, bila kumzunguka, kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita palepale penye uvimbe, na tezi lenyewe lazima litoke. Likatoka. Mama akarudi nyumbani na plasta shingoni, na akifungua mdomo inatoka hewa tu. Nilidhani imechoka, kwamba sauti inapumzika kama mtu aliyetoka safari. Kila asubuhi nilisimama mlangoni pa chumba chao kusikiliza kama imeamka.

Ikaamka baada ya miezi, lakini haikuwa ile. Ilikuwa nzito, ya chini, ina vumbi. Siku moja simu ya dukani ikalia, Mama akapokea. Mteja wa mkoani.

"Mangi, mzigo wangu umeondoka?"

"Mangi hayupo. Mimi ni Mama Aika."

Kicheko upande wa pili. "Mangi bwana! Acha utani, nijibu nina haraka."

Mama akaweka simu chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Tangu siku hiyo hakuigusa tena. Ikalia mpaka inachoka yenyewe, yeye yuko hatua mbili anakunja magazeti. Joho lake la kwaya akalifungia sandukuni. Kanisani tukahama kutoka mbele hadi viti vya nyuma, na watu wakiimba yeye alifumba midomo akaangalia mikono yake. Mwalimu alipomfuata kumwuliza atarudi lini, alimjibu, "Mungu ndiye aliyenipa, na Mungu ameichukua. Tusisumbuane." Ami Saidi hakugonga ukuta tena. Nyumba ikawa na kelele zote za Kariakoo isipokuwa ile moja tuliyoitaka. Na mimi, nisiwafiche, nilimkasirikia Mungu. Nilimwona ni jitu linalochukua vitu vya watu.

Mpaka Shule ya Jumapili walipotukaririsha Zaburi ile.

Mnisamehe, mimi ni mtoto wa duka la jumla. Nililelewa na maagizo. Mteja wa Dodoma anaagiza: sufuria kadhaa, mabeseni kadhaa, sahani, birika. Baba anapanga, anakagua, anafunga. Kikikosekana kimoja, mzigo hauendi. "Agizo haliondoki pungufu," Baba alikuwa anafoka kwa vijana wa dukani, "mtu atarudisha lote!" Sasa mwalimu wa Shule ya Jumapili anatusomesha: baragumu, kinanda, kinubi, matari, zeze, filimbi, matoazi, tena matoazi ya namna mbili. Moyo ukanilipuka. Hili si agizo hili? Mungu ameandika kabisa anachotaka, kimoja kimoja, na sisi kila mwaka tunampelekea kinanda na tarumbeta za vijana, basi! Miaka yote tumepeleka mzigo pungufu. Ndiyo maana amekasirika. Ameishika sauti ya Mama kama rehani mpaka tulete vilivyobaki.

Weee! Nilifurahi jinsi gani! Tatizo likishakuwa la mzigo pungufu, linatatulika. Sikumwambia mtu. Mavuno yalikuwa yamekaribia, nikaingia kazini.

Matoazi niliambiwa ni vyuma viwili vinavyogonganishwa, nikachagua mifuniko miwili ya sufuria kubwa, ile ya kupikia shughuli. Filimbi nikapewa na machinga wa mbele ya duka, ya plastiki, ya kijani, kama za marefa. Zeze nilizungushwa mtaa mzima bila kulipata. Kinubi ndicho kilichonitoa jasho. Nilimwuliza muuza vipuri mmoja kona ya mtaa wetu, akaweka soda yake chini, akakuna kichwa, akasema, "Kinubi? Ya gari gani?"

Matari nilienda kwa Ami Saidi.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Hajambo. Ami, matari ni nini?"

"Matari?" Akakohoa, akafikiri. "Tari ni kama dufu. Si unayaona kwenye maulidi? Kwa nini?"

"Unalo?"

"Ninalo la marehemu baba yangu. Kwa nini, we mtoto?"

"Mungu ameagiza. Kanisani."

Ami aliacha kukunja kitambaa. Mteja akaja, akamwambia asubiri. "Ameagiza dufu langu?"

"Ameagiza vyote. Tukivileta, anarudisha sauti ya Mama."

Alisimama, akaingia ndani, akatoka na dufu limefungwa kanga. Hakulitoa mikononi mara moja. "Lisikae sakafuni. Lisinyeshewe. Na likipigwa, ni kwa kiganja, si kwa ngumi kama watoto wa mtaani." Akanipa. Halafu akasema, akiangalia vitambaa vyake, "Mwambie mama yako ukuta huu umekuwa mrefu sana siku hizi." Sikumwelewa. Nikaenda kuuangalia ule ukuta, nikauona uleule.

Nilificha kila kitu chini ya kitanda changu, dufu nikaliweka juu ya viatu vya shule ili lisikae sakafuni. Nikasahau kwamba Mama ni Mchagga na Jumamosi anafagia mpaka mahali ambapo macho hayafiki. Nikasikia naitwa.

"Aika."

"Abee Mama."

"Dufu la nani hili?"

"La Ami."

"Na mifuniko ya baba yako?"

"Ya Mungu."

Mama alikaa kitandani, ufagio mapajani. Ikabidi nitoe yote: agizo, mzigo pungufu, rehani, kinubi ambacho hakipatikani hata kwa wauza vipuri. Nilikuwa naongea huku nalia, maana niliona mpango unafia mikononi mwangu. Nilipomaliza, akaanza kutikisika mabega. Nikadhani naye analia. Mae! Alikuwa anacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu hospitali, na kumbe nacho kilikuwa kimeshuka, kizito, kinatoka tumboni kama gunia linaloshushwa mgongoni. Alicheka mpaka machozi yakaja, halafu yakabaki machozi peke yake, na akanivuta nikakaa naye.

"Mwanangu, Mungu si mteja wa Dodoma."

"Sasa mbona ametaja vyote?"

Akafikiri. Mama hakuwa mtu wa kumjibu mtoto ovyo. "Nadhani yule aliyeandika alikuwa na furaha mpaka ikamzidi, akawa anaita kila anachokiona. Angekuwa Kariakoo angetaja na mikokoteni." Akaichukua mifuniko mikononi mwangu. "Na matoazi hayagongwi hivyo unavyofikiri. Yanapishana. Hivi." Chumba kikalia. "Halafu wimbo unaingia hapa."

Na akasahau. Nasema akasahau, kwa sababu angekumbuka asingefungua mdomo. Akajaribu pale pa kuanzia, kule juu, pakakataa, sauti ikakatika. Nikaona uso wake unaanza kufunga. Lakini mikono ilikuwa bado inagonga, na mwili wake uliujua ule wimbo, ukakataa kusimama. Akashuka. Akaenda chini, chini zaidi, akaikuta ile sauti ya nne aliyoisikia miaka yote nyuma ya mgongo wake, akaishika. Kitanda kilitetemeka. Sitanii, nilikuwa nimekalia.

Mara tukasikia kelele dukani. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekuja kuazima sufuria za kupikia pilau la sikukuu.

"Mangi! Miaka yote hii unanificha?"

"Nikufiche nini?" sauti ya Baba.

"Besi! Nakufa na watu wawili safu ya nyuma, kumbe wewe una besi ya namna hii!"

"Mwalimu, nipo mbele yako nimefunga mdomo. Mimi hata tenzi nachezesha midomo tu, mke wangu anajua."

Pazia likafunuliwa. Mwalimu akatuona: mimi, Mama, mifuniko. Akashika kichwa. Mama akainuka haraka kama mtu aliyekutwa hajavaa.

"Mama Aika," Mwalimu akasema polepole, "kesho. Sauti ya nne. Nakuomba."

"Nikasimame na wanaume?"

"Ndiyo."

"Niwe kichekesho cha sikukuu? Watoto wanioneshe vidole? Hapana, Mwalimu. Chukua sufuria zako, nenda salama."

Akaenda. Mama akarudi kufagia, kwa hasira, mahali alipokwisha kufagia. Baba alibaki kwenye pazia. Baba hakuwa mtu wa maneno, na hata siku hiyo hakuwa. Simu ikaanza kulia dukani. Akaiangalia, akamwangalia Mama.

"Pokea."

"Wataniita Mangi."

"Itika. Duka ni la wawili, na Mangi wawe wawili."

Iliendelea kulia. Mama akaweka ufagio ukutani, akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda. Nilimwona akivuta pumzi. "Ndiyo," akasema kwa ile sauti, yote, bila kuibana. "Mangi hapa. Sema shida yako." Upande wa pili mtu akaanza kuagiza birika kama kawaida. Baba akageuka haraka kupanga mabeseni ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Lakini kupokea simu ni jambo moja. Jumapili asubuhi joho lilibaki sandukuni. Mama alivaa gauni la kitenge, tukabeba beseni letu la sadaka, humo ndani nimepanga dufu, filimbi na mifuniko. Aliniruhusu, labda kwa kunihurumia. Tukakaa nyuma, kama siku zote za mwaka ule. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Kinubi hakipo, zeze halipo, na Mama amekataa.

Wimbo ukaanza. Aliyeanzisha alikuwa msichana mwingine, sauti yake nzuri, sitamnyima haki yake. Sauti ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu. Ya nne ikaingia wanaume wawili, mmoja ana mafua. Wimbo ulikuwa unaelea, hauna sakafu. Mwalimu alikuwa anainamia upande ule na mikono yote miwili kama anayechota maji kwenye kisima kikavu. Mkono wa Mama ukanishika goti, ukabana. Ukabana hadi nikataka kupiga kelele. Halafu nikaisikia pembeni yangu, chini kwa chini.

Watu wa mbele wakageuka. Mama akanyamaza. Akasimama. Nikajua ndiyo basi, anatoka nje, aibu imemshinda, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akatoka kwenye kiti, akafika njiani katikati, na hakugeukia mlango.

Alitembea. Gauni la kitenge katikati ya majoho, kovu shingoni, wazi, hakuwa hata na kitambaa. Wanawake wa sauti ya kwanza walimwona anakuja, wakafurahi, wakamfungulia nafasi yake ya zamani. Akawapita. Nikaona nyuso zao zinashangaa. Akapanda ngazi hadi safu ya nyuma, akasimama mbele ya yule mzee wa mafua. Mzee akamtazama. Kanisa zima likamtazama mzee. Mzee akasogea, akampa nusu ya karatasi yake ya muziki. Mwalimu akakata wimbo kwa mikono miwili, akapaza sauti, "Kutoka mwanzo!"

Nyie! Sauti ilipoingia ile ya nne, madirisha yaliitika. Hakuna aliyecheka. Niliangalia kote, nilikuwa tayari kupigana, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Wimbo ulikuwa umepata sakafu, na watu wakaanza kuikanyaga: mbele wakacheza, nyuma wakacheza, vigelegele vikapanda. Nikatoa mzigo wangu kwenye beseni. Filimbi nikampa mtoto wa jirani yangu, dufu nikampa kijana wa tarumbeta, mifuniko nikaishika mwenyewe nikaigonga kwa kupishanisha kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyenizuia. Nje ya dirisha walikuwa wamesimama watu wa mnada, na mara mkono wa kanzu ukapenya kwenye nondo, na sauti ya Ami Saidi juu ya kwaya nzima: "Si ngumi! Kiganja, kijana, kiganja!"

Kinubi hakikuwepo. Zeze halikuwepo. Mzigo ulikwenda pungufu, na haukurudishwa. Nilimtazama Mama kule juu, katikati ya wanaume, kichwa nyuma, mdomo wazi, uso unang'aa kwa jasho na machozi na hana habari nao, na hasira yangu yote kwa Mungu ikaniishia pale pale nikiwa na mifuniko mikononi. Hakumrudishia ile sauti. Alikuwa amempa nyingine, na Mama alikuwa ameipokea.

Bibi mmoja nyuma yangu, mwenye miwani minene, akanigusa bega. Ilibidi apige kelele ili nimsikie.

"Mjukuu, nani yule mwanamume mpya kwenye besi?"

Nikaacha kugonga. Nikageuka mzimamzima, nikapanda juu ya benchi, viatu na vyote.

"Si mwanamume, Bibi!" nikamwambia, kwa nguvu iliyofika hadi mlangoni. "Ni mama yangu!"